Kuongeza choo na dushi nyumbani: maji machafu yataenda wapi?

Kasongo na Kabambare, parsele nyingi zina mpango mmoja: nyumba mbele, jiko nyuma, na mwisho kabisa choo cha shimo pamoja na uzio wa majani ao wa manjanja wa kuogea. Familia ikiisha kujenga nyumba ya matofali ya kuchoma, wazo linalofuata ni kuleta choo na dushi karibu, ao kuviingiza ndani.

Wazo si baya. Mama mzee hatatoka tena usiku kwenye mvua, binti ataoga penye mlango unaofungwa, na mtoto hataogopa nyoka njiani. Lakini kabla ya kununua hata mfuko mmoja wa simenti, kuna ulizo moja la kujibu: maji machafu yataenda wapi?

Maji hayapandi

Ulaya na Amerika, nyumba nyingi zina chumba kilichochimbwa chini, na wenye nyumba wengine wanaongeza choo na bafu humo. Taabu yao iko hivi: tiyo kubwa ya maji machafu inayopita barabarani mara nyingi iko juu kuliko sakafu ya chumba kile. Wanalazimika kuweka pampu ya kusukuma uchafu kwenda juu. Umeme ukikatika, uchafu unabaki pale pale.

Kwa parsele isiyo na tiyo kama ile, udongo wake wenyewe ndio unapokea kila kitu. Maji yanashuka, yanaingia ardhini, na yanaendelea na safari. Kwa hiyo shimo la choo halichimbwi chini ya nyumba, hata kama fundi anasema itapunguza gharama. Udongo uliolowa unateremka, ukuta unapasuka, na siku shimo likijaa hakuna namna ya kulihamisha. Liwe mita 6 ao zaidi kutoka ukutani.

Kisima cha jirani nacho kinapimwa

Kipimo kinachofuatwa katika kazi za usafi ni mita 30 kati ya choo na kisima ao chemchemi. Tena, kati ya chini ya shimo na maji ya ardhini inapaswa kubaki mita 1 na nusu ya udongo mkavu. Udongo ule ndio unaochuja uchafu. Kama uwanja una mteremko, choo kinakaa upande wa chini, kisima upande wa juu.

Watu wengi wanachimba kiangazi, Juni mpaka Agosti, kwa sababu udongo ni mkavu na shimo haliporomoki. Ni sawa, lakini wakati huo maji yameshuka. Shimo linaloonekana kavu mwezi wa saba linaweza kuwa na maji mwezi wa tatu. Njia nyepesi ya kujua ni kuangalia visima vya karibu katikati ya masika: maji yanafika mita ngapi kutoka juu?

Na kipimo hakiishi kwenye mpaka wa parsele. Kisima cha jirani kilicho mita 10 nyuma ya uzio kitakunywa uchafu wa shimo jipya. Teritware ya Kabambare inapakana na Fizi, kwenye Ziwa Tanganyika, na pande zile za ziwa kolera inarudi mara kwa mara. Inatembea pamoja na wasafiri, na ikifika, choo kimoja kilichowekwa vibaya kinatosha kuigawa kwa avenyu nzima.

Shimo litadumu miaka mingapi?

Hesabu si ngumu. Katika choo kikavu, mtu mmoja anajaza karibu lita 60 kwa mwaka. Familia ya watu 8 ni lita 480. Shimo la mviringo lenye upana wa mita 1 na sentimita 20 na kina cha mita 3, ukiacha nusu mita ya juu, linabeba karibu lita 2.800. Litadumu karibu miaka 6. Kama maji ya ardhini hayaruhusu kina kile, afadhali mashimo mawili mafupi yanayotumiwa kwa zamu kuliko moja refu linalogusa maji.

Mdomo wa shimo unajengwa kwa matofali na simenti ili ukingo usibomoke. Mchimbaji hafanyi kazi peke yake: mtu mmoja anabaki juu na kamba wakati wote.

Maji ya kuoga yana shimo lake

Kosa linaloonekana sana ni kuelekeza maji ya dushi ndani ya shimo la choo. Shimo linajaa maji, mbu wanazaana, na uchafu unasukumwa mbali zaidi ardhini. Maji ya kuoga yanahitaji shimo lake dogo, lenye kina cha mita 1 hivi, lililojazwa mawe, mbali kidogo na msingi wa nyumba. Migomba iliyopandwa kando yake inafurahi.

Sakafu ya dushi inainama sentimita 2 kwa kila mita, na tiyo vilevile. Mwanzo wa tiyo unawekwa kona yenye kubakiza maji kidogo, ili harufu na mende visirudi ndani.

Nani atachota?

Choo cha ndani cha kumwagia maji kinahitaji fose septike, na zaidi ya hapo kinahitaji maji kila siku. Kila mara mtu anamwaga lita 2 mpaka 3. Watu 8, kila mmoja mara 4 kwa siku, ni karibu lita 80: bido 4 za lita 20, mbali na za kupika, kufua na kuoga. Mahali ambapo maji yanatoka chemchemi, bido zile zinabebwa na mama na mabinti. Basi wao waulizwe kabla ya fundi. Choo kilichojengwa kwa ajili ya raha yao kinaweza kugeuka mzigo wao.

Ndiyo maana familia nyingi zingepata faida kwa njia ya katikati: dushi inashikamana na nyumba, mlango wake ndani, choo kikavu kinabaki uani, lakini karibu zaidi kuliko zamani, chenye paa, mlango wa kufunga, na njia iliyoinuliwa kwa matofali mabovu ili mguu usizame wakati wa mvua. Bido ndogo ya kunawia na sabuni, ao majivu, inakaa mlangoni.

Shimo la zamani nalo halisahauliwi. Likibakiza nusu mita linafungwa kwa udongo, juu yake unapandwa mti, na mahali pale panaonyeshwa kwa watoto wote wa nyumba, ili kesho mtu asijenge chumba juu yake.