Nini Kitakusimamisha? Historia fupi ya vifaa vya tumbaku, kutoka Ujiji hadi vepu

Swali ninaloulizwa sana na vijana wa kambi ya Gasorwe siku hizi halihusu shule wala mpira. Ni hili: "Kaka, vepu gani inafaa?" Kwa asiyeijua, vepu ni sigara ya umeme, kifaa cha ukubwa wa kalamu nene, chenye betri ndani na harufu ya embe au minti. Huku Muyinga bado ni chache. Zinafika mifukoni mwa watu waliopitia Bujumbura au Kampala. Anayo mmoja, wanaozitaka ni kumi. Kati ya hao kumi wapo wanaovuta sigara tayari na wamesikia kwamba vepu inasaidia kuacha. Wapo pia ambao hawajawahi kuvuta kitu chochote, wamependa tu ile harufu.

Jibu la haraka la mtu wa kazi yangu ni "achana nayo." Nimelitoa mara nyingi na sijaona likimzuia mtu. Kwa hiyo nimeona nijibu kwa njia ndefu, kwa historia, maana swali lenyewe ni la zamani kuliko tunavyofikiri. Watu wa nchi hizi wamekuwa wakichagua kifaa cha tumbaku kulingana na maisha yao kwa miaka mamia. Ukiangalia walichochagua na kwa nini, unapata swali zuri zaidi la kuuliza kabla ya kununua.

Nianze na lugha. Mimi nilizaliwa kambini Mtabila, Kasulu, na kambi ilipofungwa mwaka 2012 tukarudi kwenye kilima cha wazazi, Makebuko, Gitega. Nikatoka kwenye Kiswahili nikaingia kwenye Kirundi. Jambo moja lililonichekesha ni kwamba kwa Kiswahili tulikuwa tunavuta tumbaku, huku kwa Kirundi watu wanainywa: kunywa itabi. Nilidhani ni maneno tu. Baadaye nikajua kwamba kando ya ziwa letu watu walikuwa wakiitia majini kabisa.

Tumbaku si mmea wa kwetu. Ilitoka bara la Amerika, ikavushwa bahari na Wareno na wafanyabiashara wengine baada ya mwaka 1500, ikaingia bara kidogo kidogo. Richard Burton na John Speke walipofika Ujiji Februari 1858 walikuta imeshakuwa ya wenyeji. Burton aliandika namna watu wa Ujiji walivyoitumia. Mtu alibeba kibuyu au chungu kidogo chenye tumbaku. Akitaka, anatia maji, anakamua, anamimina ule mchuzi kiganjani na kuuvuta kwa pua. Kisha anabana pua kwa vidole au kwa kibanio kidogo ili usimwagike. Ulikuwa ugoro wa maji. Aprili mwaka uleule wasafiri hao wakapanda mitumbwi hadi Uvira, ambako ndugu zetu wengi wa Gasorwe wametoka.

Fikiria kifaa hicho kinamfaa nani. Kinamfaa mtu wa ziwani, kwenye mtumbwi, upepo unavuma, moto hauwaki. Tena kina breki yake: aliyebana pua hawezi kuongea vizuri wala kupiga kasia. Lazima asimame kwanza. Akimaliza, anarudi kazini.

Pwani watu walichagua kingine. Kiko cha Waswahili kilikuwa na bori, pale tumbaku inapowekwa. Digali, bomba linaloshusha moshi. Na kifuu cha nazi chenye maji. Moshi ulipita majini ukilia, na mlio huo ulikuwa na jina lake, malio ya kiko. Hata neno nargile, wanaloitia shisha watu wa Uturuki na Mashariki ya Kati, limetoka kwenye neno la Kiajemi la nazi. Kiko cha maji hutembei nacho sokoni. Kinataka kikao, makaa na maji safi. Kinamfaa mtu aliyemaliza kazi ya siku na ana watu wa kuzungumza nao.

Huku vilimani kiko ni kidogo, na wenye nacho mara nyingi ni wazee, wanawake kwa wanaume. Bibi yangu Makebuko alikuwa na chake. Alipanda miche michache ya tumbaku nyuma ya nyumba, akaikausha mwenyewe, na jioni akachukua kaa la moto jikoni. Bori likiisha, limeisha. Hakujaza tena mpaka kesho, kwa sababu majani aliyokausha yalikuwa hayo tu na msimu ulikuwa bado. Sijawahi kuona kijana akijaza kiko mbele ya baba yake pale kwetu. Hiyo nayo ilikuwa breki.

Sisemi kiko kilikuwa salama. Moshi ni moshi, unachoma mdomo, koo na kifua. Ninachosema ni kwamba kila kifaa cha zamani kilikuwa na kitu cha kumsimamisha mtu: moto, maji, kikao, msimu, heshima. Na koo. Moshi wa kiko cha kawaida ni mkali, ukiuvuta mpaka kifuani unakohoa. Wengi waliuacha mdomoni, nikotini ikaingia polepole.

Sigara ndiyo iliyoanza kung'oa breki hizo. Mwaka 1881 Mmarekani James Bonsack alipata hati ya mashine yake ya kusokota sigara. Mashine moja iliweza kutoa kama sigara 120,000 kwa siku, kazi ambayo kabla ya hapo ilitaka watu wengi wa kusokota kwa mikono. Sigara nyingi namna hiyo zilihitaji wavutaji wengi. Huku kwetu kampuni ya BAT ilifungua kiwanda Jinja, Uganda, mwaka 1928. Miaka hiyohiyo Warundi walikuwa wakikimbia kazi za kulazimishwa na kodi za Wabelgiji, wanakwenda kwenye mashamba ya Uganda na ya mkonge Tanganyika. Wazee wanaita safari hizo "kuja i Manamba." Mtu aliyetoka kwenye kilima chenye kiko cha jioni alijikuta kwenye shamba lenye filimbi ya kuanza na filimbi ya kumaliza. Kiko hakimfai mtu anayepewa dakika chache za kupumzika. Sigara inamfaa: inawaka haraka, inaisha haraka, inauzwa moja moja.

Kuna siri nyingine ndani ya sigara. Majani yake mengi hukaushwa kwa joto la tanuri, na moshi wake unakuwa laini kuliko wa kiko, una asidi zaidi. Koo halikatai. Mtu anauvuta mpaka kwenye mapafu, na nikotini inafika kwenye ubongo kwa muda wa sekunde kumi hadi ishirini hivi. Breki ya koo ikaondoka. Ikabaki moja: sigara inaungua ikaisha. Ukimaliza unaona kichungi, unajua umevuta moja. Ukitaka nyingine, unaamua upya.

Sasa tufike kwenye vepu. Ile ya kisasa ilitengenezwa China na mfamasia Hon Lik mwaka 2003. Alikuwa mvutaji mkubwa, na baba yake alikufa kwa saratani ya mapafu. Alitafuta njia ya kupata nikotini bila kuchoma majani. Kifaa ni rahisi kukielewa: betri inapasha waya moto, waya unapasha kimiminika kilichonyonywa na pamba, na wewe unavuta mvuke. Ndani ya kimiminika kuna glisarini na propilini glaikoli, ladha, na mara nyingi nikotini. Kwa kuwa hakuna kinachoungua, hakuna lami, na sumu nyingi za moshi hazipo au ni kidogo. Hilo ni kweli na tusiwafiche vijana, maana wakigundua tumewaficha moja hawatatuamini la pili.

Vepu za mwanzo zilikuwa na shida: ukiongeza nikotini sana, koo linachomeka. Yaani breki ya koo ilirudi! Mwaka 2015 vepu ya Juul ya Marekani ilileta sokoni kimiminika ambacho nikotini yake imechanganywa na asidi, ikawa chumvi ya nikotini. Ni ujanja wa aina ileile uliofanya moshi wa sigara uwe laini. Mtu akaweza kuvuta nikotini nyingi bila kukohoa. Kufikia 2019, asilimia 27.5 ya wanafunzi wa sekondari za juu Marekani walisema wametumia vepu ndani ya siku 30 zilizopita. Wengi walivutwa na ladha.

Serikali zikaanza kushtuka, kila moja kwa njia yake. Uganda ilipiga marufuku sigara za umeme pamoja na shisha katika sheria yake ya tumbaku ya mwaka 2015. Ubelgiji ilizuia uuzaji wa vepu za kutupa kuanzia 1 Januari 2025, na Uingereza ikafuata 1 Juni mwaka huo. Lakini Uingereza hiyohiyo inawapa watu wazima wanaovuta sigara vepu za kujaza ili waache. Wengine wanaona hapo kuna kujipinga. Mimi naona wametofautisha kifaa na kifaa, mtu na mtu.

Basi turudi kwenye kuchagua kwa kufuata mazoea.

Kama huvuti kitu, hakuna kifaa kinachokufaa. Hapa sina maelezo mengi. Huna shida ambayo vepu inaitatua, na nikotini itakutengenezea moja.

Kama unavuta sigara na unataka kuacha, vepu ya kujaza na kuchaji, yenye nikotini iliyoandikwa kwa miligramu, ndiyo iliyowasaidia watu kwingine, mradi waliacha sigara kabisa na kupunguza nikotini hatua kwa hatua. Ila jiulize kuhusu Gasorwe. Kimiminika utakipata wapi mwezi ujao? Pamba na waya vikiungua, nani anauza vingine? Simu zenyewe tunapanga foleni kuzichaji. Kifaa kikizimika katikati, utarudi kwenye sigara, pengine kwa hamu kubwa kuliko uliyoondoka nayo. Pita kwanza kwa muuguzi wa kituo cha afya, mwambie ukweli unavuta ngapi.

Kama unafikiria kuvuta vyote viwili, sigara nje na vepu ndani, umeongeza gharama tu. Madhara ya sigara yanabaki palepale.

Kuhusu ile ya kutupa, tupige hesabu. Mvutaji anaingiza mwilini kama miligramu moja hadi mbili za nikotini kwa sigara moja. Pakiti ya sigara 20 ni miligramu 20 hadi 40. Kifaa kilichoandikwa 5% na mililita 10 kina miligramu 500 ndani yake. Si zote zitaingia mwilini, lakini ona umbali. Na hakuna kichungi cha kukuonyesha umefika wapi. Unavuta mara mbili, unaweka mfukoni, unavuta tena.

Kuna mengine ya kambini. Kimiminika chenye nikotini ni sumu kwa mtoto akikimeza. Betri ya lithiamu ikitobolewa inaweza kuwaka, na nyumba zetu zimebanana. Kupokezana kifaa ni kupokezana mate. Na chupa isiyo na maandishi usiiguse: Marekani, kufikia Februari 2020, watu 2,807 walikuwa wamelazwa au kufa kwa ugonjwa wa mapafu uliotokana na vepu, 68 kati yao wakafa. Wengi walikuwa wametumia vimiminika vya bangi vya mitaani, vilivyochanganywa na mafuta ya vitamini E.

Waswahili husema mazoea yana taabu. Sisi zoea letu kubwa kambini ni lipi? Kwa kweli ni kusubiri. Tunasubiri posho, tunasubiri usaili, tunasubiri majibu ya nchi ya tatu, tunasubiri habari za Kivu. Mvuvi wa Ujiji alikuwa na kasia linalomngoja, bibi yangu alikuwa na shamba asubuhi. Kijana wa Gasorwe mwenye miaka 19 anaweza kuwa na siku nzima isiyo na filimbi yoyote. Kifaa kisicho na mwisho kikikutana na kusubiri kusiko na mwisho, hapo ndipo ninapoogopa. Ndugu zangu wa mashirika, mkija na bango la kukataza, njooni pia na kitu cha kufanya saa nne asubuhi.

Katika kikundi chetu tumeanza na daftari. Anayevuta anaweka alama kila anapowasha, pamoja na saa na mahali, kwa wiki mbili, kabla ya kuamua lolote kuhusu vepu. Mmoja amegundua kwamba sigara yake ya kila asubuhi haikuwa hamu, ilikuwa foleni. Sasa anakwenda kwenye foleni na rafiki yake na ubao wa dama, na ile sigara imepotea bila kifaa chochote. Daftari liko wazi kwa yeyote, na si lazima uandike jina.