Timu yetu, sehemu ya 3: Kutoka watu nane mpaka tatu kwa moja

Niliahidi kumaliza hii hadithi wiki mbili zilizopita, nikaingia zamu za usiku mfululizo nikapotea. Mmenitumia meseji mpaka nimeona aibu. Haya, tumalizie. Mnaonyonyesha saa hizi someni taratibu, simu isije ikamwangukia mtoto usoni.

Kwa aliyekosa sehemu mbili za mwanzo, kwa kifupi. Mkoa wetu wa Tabora umewahi kuwa na timu za Ligi Kuu ila hazikai. Ilikuwepo Milambo, iliyobeba jina la mtemi wetu wa Urambo, yule aliyefunga njia ya misafara hadi waarabu wa Unyanyembe na Stanley wao mwaka 1871 wakarudi mbio. Wakaja Rhino Rangers, wakacheza msimu wa 2013/14 na kushuka msimu huohuo. Baada ya hapo kimya. Watoto wetu wamekua wakijua timu ni mbili tu, zote ziko Dar, na mtoto wa Usoke anazaliwa tayari ni Simba au Yanga kama anavyozaliwa na ukoo wa baba yake. Mwanangu mkubwa aliwahi kuniuliza, "Mama, kwani huku hatujui mpira?" Sikuwa na jibu.

Ndiyo ikaja Kitayosce. Timu ya Kilimanjaro kwa asili, ikahamia kwetu, ikapanda daraja mwaka 2023 na kuanza kuitwa Tabora United. Tukafurahi. Mechi ya kwanza, Agosti 2023, ugenini kwa Azam pale Chamazi, timu ikaingia uwanjani na wachezaji nane. Nane jamani! Wengine usajili wao haukukamilika, hawaruhusiwi kucheza. Ndani ya robo saa hivi yalikuwa manne bila, Feisal Salum peke yake kafunga matatu. Kisha wawili wakaumia, wakabaki sita, na sheria ya mpira inasema chini ya saba hakuna mechi. Mwamuzi akamaliza. Watu wakatucheka nchi nzima.

Mimi sikucheka, na sababu mnaijua. Kila wiki napokea mama kijacho wa miezi minane hana kadi ya kliniki, hajapimwa damu, hajui kundi lake la damu. Ana nguvu zake, mtoto anacheza vizuri, ila karatasi hakuna. Wale vijana walijua mpira. Kilichowaangusha siku ile ni karatasi.

Walihangaika msimu mzima. Mwisho wa msimu ikabidi wacheze mechi za mchujo, wakatolewa na JKT Tanzania, wakabaki na nafasi moja tu ya kujiokoa, dhidi ya Biashara United ya Mara. Wakashinda, wakabaki Ligi Kuu. Hiyo ilikuwa Juni 2024, huku kwetu watu wapo kwenye masoko ya tumbaku, mfukoni kuna chochote, ikashangiliwa vizuri tu.

Sasa msimu wenyewe ninaotaka kuusimulia, 2024/25.

Ulianza vibaya. Agosti 18 tukapigwa tatu bila na Simba, Dar. Nikasema haya, mwaka mwingine wa presha. Timu ilianza na kocha Mkenya, Francis Kimanzi, hakumaliza hata miezi minne. Akaja Mkongo, Anicet Kiazayidi. Wachezaji nao Wakongo kadhaa, akiwemo Heritier Makambo ambaye zamani alikuwa Yanga. Kuna watu walilalamika eti timu ya Tabora imejaa wageni. Mimi huwa nawauliza, Tabora ipi hiyo isiyo na wageni? Mji umekuzwa na njia ya msafara kutoka Bagamoyo mpaka Ujiji, Wamanyema walikuwepo kabla ya reli, na reli yenyewe ilifika mwaka 1912. Nusu ya majina ninayoandika kwenye daftari la wodi yametoka ng'ambo ya ziwa. Tuendelee.

Novemba 7, 2024, siku ya Alhamisi. Yanga, mabingwa mara tatu mfululizo, wanatupokea Chamazi. Uwanja uleule wa watu nane. Siku tano nyuma Azam walikuwa wamewafunga Yanga moja bila, hivyo wana hasira na kila mtu alijua hasira hizo zitamshukia nani.

Nilikuwa zamu ya jioni, wodi ya wazazi. Nina mzazi mmoja, mimba ya kwanza, njia imefunguka sentimita sita, anaendelea vizuri. Mama mkwe yuko naye. Naomba orodha ya vifaa: pamba ipo, vitenge vipo, glovu zipo pea moja. Mpira hakuna. (Kwa baba wanaosoma hapa: wodini tukisema mpira tunamaanisha ile plastiki ya kutandika kitandani, si ule mwingine.) Nikatoka nje kumtafuta baba mtoto. Nikamkuta kwenye benchi, simu sikioni, anasikiliza redio. Namuuliza kuhusu mpira, ananijibu, "Bado sifuri sifuri, nesi."

Nilitamani kucheka na nilitamani kumzaba kofi. Nikamwambia aende dukani. Akasimama, akakaa, akatazama chini. Hela ilikuwa kwenye mkeka. Akiba ya uzazi waliyoiweka tangu mauzo ya tumbaku, kaiweka Yanga ashinde. Na Novemba mnaijua, watu wanahamisha miche shambani, hela ya msimu imeshaisha, ya msimu mpya haipo. Kwake ilikuwa hesabu rahisi: Yanga na Tabora United, hiyo ni hela ya kuokota. Alitaka kuongeza kidogo ili anunue na beseni la kuogea mtoto.

Plastiki tulipata kwa mzazi wa kitanda cha jirani aliyekuwa na mbili. Nikarudi ndani.

Niliyoyajua ya mechi niliyajua kwa sauti. Kuna kibanda umiza si mbali na sisi, ukifungwa goli unasikia. Kelele ya kwanza ilikuja, nikajua Yanga wamefunga. Lakini ilikuwa kelele ya ajabu, kama watu wanaogombana. Mhudumu wetu akaenda kuchungulia, akarudi kashika mdomo: "Dada, ni sisi." Ni sisi! Sijawahi kusikia hilo neno likitumika kwenye mpira Usoke. Siku zote huwa ni "wao".

Yakafika matatu, mawili ya Offen Chikola. Yanga wakapata lao mwishoni kupitia Clement Mzize. Tatu kwa moja. Mtoto naye akatoka usiku huohuo, wa kiume, kilo tatu na gramu mia mbili, alilia mwenyewe bila kupigwa. Mama yake hakuchanika. Mkeka wa baba yake ndio uliochanika. Bibi aliposikia wale wa nje wanaimba Chikola, Chikola, akauliza huyo ni nani, akaambiwa kawafunga watani wa pwani. Akasema basi mtoto aitwe hivyo. Mama mtoto, Yanga damu, kitenge chake chenyewe cha kijani, akakataa kabla hata kondo la nyuma halijatoka.

Nilimwita yule baba pembeni kabla hawajaruhusiwa. Sikumgombeza sana, alikuwa ameshajigombeza. Nilimuuliza tu: kama ningelazimika kumpa mkeo rufaa usiku ule, mngekula nini huko? Alinyamaza muda mrefu. Nimepata ruhusa yao kuandika haya, kwa sharti nisitaje majina.

Kule Dar mambo yaliendelea. Novemba 15 Yanga wakaachana na kocha wao, Miguel Gamondi. Wiki moja tu baada ya sisi kupita! Lakini nisiwadanganye, msimu wetu haukuwa maua matupu. Februari 2 Simba walikuja Ali Hassan Mwinyi wakatupiga tatu bila nyumbani kwetu. Aprili 2 Yanga nao wakaja, tatu bila vilevile, na mwisho wa msimu ubingwa wakaubeba tena. Mechi ya Yanga nilikwenda na mwanangu mkubwa. Tulifika mapema, tukala karanga, tukafungwa. Njia nzima ya kurudi kwenye basi aliniambia refa, uwanja, jua. Ana jezi yake ya Tabora. Hakusema hata mara moja kwamba sisi hatujui mpira.

Timu ilimaliza msimu bila habari ya mchujo. Kisha yakaja ya msimu uliofuata: timu ikachukuliwa na Mamlaka ya Mapato, jina likabadilika tena, ikawa TRA United. Jina la tatu katika miaka michache. Chikola naye akasajiliwa na Yanga. Mimi sina ugomvi na mwenye hela ya kulipa mishahara na kukamilisha usajili kwa wakati, watu nane tuliwaona. Ila lile neno Tabora lililokuwa kwenye jezi ya mwanangu lilinigharimu, na bado anaivaa.

Agosti yule mtoto aliletwa chanjo ya miezi tisa, ya surua na rubela. Kamleta baba yake, peke yake, na kadi kaishika kwa mikono miwili. Uzito uko kwenye kijani. Nikamuuliza mama yuko wapi, akasema yuko shambani, leo ni zamu yangu. Wakati namchoma mtoto aliniuliza sasa amnunulie jezi gani, maana mama yake anasema Chikola kaenda Yanga kwa hiyo ugomvi umeisha. Nikamwambia amshike mtoto vizuri kwanza.