Mtahini wa Nje na Kipimo cha Elimu katika Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki

Siku hizi kila mhadhiri hutakiwa aandike, mwanzoni mwa muhtasari wa kozi yake, mambo ambayo mwanafunzi ataweza kuyatenda akiisha kuimaliza. Agizo hilo ni jema. Lakini mtihani tunaoutumia kuthibitisha kwamba anaweza kuyatenda tuliurithi kutoka zama ambazo swali lililoulizwa lilikuwa jingine kabisa. Makala haya yanakusudia kulieleza swali hilo.

Makerere ilianzishwa mwaka 1922 ikiwa shule ya ufundi, na kwa miaka mingi haikutoa shahada. Mwaka 1945 Tume ya Asquith ilipendekeza kwamba vyuo vya makoloni vilelewe na Chuo Kikuu cha London hadi vitakapokomaa, na mwaka 1949 Makerere ikaingia katika kile kilichoitwa Uhusiano Maalumu. Yafaa tuwe waadilifu hapa. Si kweli, kama wengine wadaivyo, kwamba kila kitu kililetwa na meli kikiwa kimekwisha fungwa. Walimu wa Makerere waliweza kupendekeza silabasi zinazolingana na mazingira yao, na walishiriki katika kutunga na kusahihisha mitihani. Hata hivyo idhini ilikuwa ya London, na shahada zilizotolewa kuanzia mwaka 1953 zilikuwa za London. Koleji ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1956 kwa ajili ya mafunzo ya ufundi, ilifuata njia hiyo mwaka 1961. Na ile ya Dar es Salaam ikaanza mwaka huo huo kwa masomo ya sheria.

Je, mtahini wa London aliyesoma karatasi ya mwanafunzi wa Makerere alikuwa akitafuta nini? Alitafuta usawa. Alitaka kujua kama karatasi ile ingepata daraja lile lile lau ingaliandikwa London. Tusiubeze usawa huo: chini ya utawala uliompima mtu kwa rangi yake, Mwafrika mwenye shahada ya London alikuwa na hoja ngumu kukanushwa alipodai cheo na mshahara. Wala haja ya kuaminiwa haikuwa ya makoloni peke yake. Chuo cha Durham, huko huko Uingereza, kilipoanzishwa mwaka 1832 kiliazima watahini kutoka Oxford ili shahada zake ziheshimiwe. Lakini kulinganisha karatasi mbili ni kazi moja, na kujua mwandishi wake amejifunza nini ni kazi nyingine.

Mwaka 1963 koleji hizo tatu ziliungana kuwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kikatoa shahada zake chenyewe hadi kilipovunjwa mwaka 1970. Mtahini wa nje hakuondoka. Hata mwaka 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Owuor Anyumba na Taban lo Liyong walipodai kule Nairobi kwamba Idara ya Kiingereza ifutwe, hoja yao kuu ilikuwa juu ya fasihi ipi iwekwe katikati ya masomo. Silabasi zikabadilika, na mwanafunzi akaendelea kujibu maswali kwa saa chache, akiwa kimya, mwishoni mwa mwaka. Baadaye kazi za muhula zikaongezwa, lakini katika vyuo vyetu vingi mgawo uliozoeleka umekuwa alama 30 kwa kazi hizo na 70 kwa mtihani.

Sisi tunaofundisha Kiswahili tunaumia zaidi, maana lugha ni kitu cha kusemwa. Nilipokuwa nikisomea shahada ya pili ng'ambo, nilihojiwa kwa mdomo, na katika muda mfupi udhaifu ambao insha zangu zilikuwa zimeuficha ukafichuka wote. Niliporudi nikaketi katika bodi ya watahini ya idara moja hapa nchini. Mtahini wa nje aliusifu mtawanyo wa alama, nasi tukampitisha kwa daraja la pili la juu kijana aliyeueleza vizuri sana upatanisho wa ngeli. Muhtasari wa kozi ulisema kwamba ataweza kufasiri. Katika miaka yake yote mitatu pale idarani, hakuna aliyekuwa amempa barua ya mkulima na kumwambia aifasiri.