Picha za ubao Kampala: ujuzi mwenyeji, karatasi mgeni

Msanii anayechapa picha ya rangi nyingi kwa ubao mmoja hana nafasi ya kujuta. Kwanza huchonga sehemu zitakazobaki nyeupe, akapaka rangi ya kwanza, tuseme njano, na kuchapa karatasi zake zote. Kisha huurudia ubao uleule, akachonga na kuondoa pale anapotaka njano ibaki, akapaka rangi ya pili na kuichapa juu ya ile ya kwanza. Huenda hivyo rangi baada ya rangi hadi ya mwisho, ambayo aghalabu ndiyo nzito kuliko zote. Siku picha inapokamilika, ubao nao umekwisha. Mteja akija kesho kuomba nakala nyingine, hakuna namna ya kumchapia.

Njia hii ndiyo iliyomjengea jina Fred Mutebi, mchapaji wa Uganda aliyesoma Chuo Kikuu cha Makerere na kuzifikisha picha zake za ubao katika maonyesho ya nje ya bara hili. Zina umati wa watu, masoko, siasa na maradhi, na rangi zilizorundikana tabaka juu ya tabaka. Anayezijua picha za zamani za Kijapani akiziona hizi hakosi kuuliza kama kuna undugu. Undugu upo, ila umepita njia ya kuzunguka.

Karakana za Edo

Waasia walichapa maandishi na picha kwa mbao za kuchonga kwa zaidi ya miaka 1,000. Katika mji wa Edo, ambao leo ni Tokyo, kazi hiyo iligeuka kuwa biashara ya mtaani. Kwa muda mrefu picha zilichapwa kwa wino mweusi, rangi zikaongezwa kwa brashi au kwa mbao chache. Mwaka 1765 Suzuki Harunobu na wenzake wakaanza kutoa picha za rangi nyingi, kila rangi na ubao wake.

Siri ya kuzilinganisha rangi hizo ilikuwa ndogo kwa macho: alama mbili zilizochongwa pembeni mwa kila ubao, ziitwazo kento. Mchapaji aliegesha karatasi kwenye alama hizo kila alipobadilisha ubao, na rangi zikaangukia mahali pake. Mbao zilikuwa za mcheri wa milimani, ngumu lakini zinazochongeka vizuri. Rangi ilikuwa ya maji iliyochanganywa na uji mzito wa mchele, na karatasi ililoweshwa kidogo kisha ikasuguliwa kwa baren, kisahani kilichofunikwa ganda la mwanzi. Mashine haikuhitajika.

Jambo lililosahauliwa na wengi ni kwamba picha hizo hazikuwa kazi ya mtu mmoja. Mchoraji alichora, mchongaji akachonga, mchapaji akachapa, na mchapishaji akatoa fedha na kutafuta wanunuzi. Wimbi kubwa la Hokusai, la mnamo 1831, lilipita katika mikono hiyo yote. Wala hazikuwa mali ya matajiri: katikati ya karne ya 19 picha moja iliuzwa kwa bei isiyopishana sana na ya bakuli la tambi.

Kutoka Paris hadi Mulago

Meli za kivita za Marekani zilipotia nanga Japani mwaka 1853 na kuilazimisha nchi hiyo kufungua biashara, picha za Edo zilianza kumiminika Ulaya. Vincent van Gogh alizikusanya kwa mamia. Paul Gauguin na Edvard Munch wakashika patasi wenyewe. Wakati huohuo Uingereza ilibuni linoliamu, zulia gumu la sakafuni, katika miaka ya 1860. Walimu wa sanaa wakagundua kuwa inachongeka kwa urahisi kuliko mbao, na uchapaji ukaingia darasani.

Huo ndio ujuzi uliokuja Uganda. Margaret Trowell, Mwingereza aliyehamia Kampala kutoka Kenya mwaka 1935 pamoja na mumewe daktari, alianza kufundisha sanaa mwaka 1937 kwenye baraza ya nyumba yake Mulago. Mwaka 1939 kazi za wanafunzi wake zilionyeshwa London, na darasa lile la barazani likakua kuwa shule ya sanaa ya Makerere ambayo hadi leo ina jina lake. Trowell hakupenda wanafunzi waige wachoraji wa Ulaya. Aliwataka waanzie kwenye ususi, ufinyanzi na nakshi za kwao, na mwaka 1953 alitoa pamoja na Klaus Wachsmann kitabu kikubwa juu ya kazi za mikono za Uganda.

Trowell alipostaafu mwaka 1958, Cecil Todd aliyempokea alibadili mwelekeo. Alitaka wanafunzi waijue historia ya sanaa ya dunia nzima na mbinu zake, uchapaji ukiwemo. Theresa Musoke ni tunda la miaka hiyo. Kutoka Makerere alikwenda kuendeleza uchapaji wa picha katika Royal College of Art, London, kisha akasoma Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani.

Japani yenyewe ilikuwa imebadilika. Mwaka 1904 Yamamoto Kanae alitoa picha ya mvuvi aliyoichora, akaichonga na kuichapa mwenyewe, jambo ambalo karakana za Edo hazikulizoea. Wengi wakamfuata, na mwaka 1956 Munakata Shikō akatwaa tuzo kuu ya uchapaji katika maonyesho ya Venice. Kwa hiyo kizazi cha kwanza cha wachapaji wa Makerere kilijifunza wakati dunia nzima, Wajapani wakiwemo, ilikwisha kukubali kwamba mchapaji ni msanii kamili anayemiliki kazi yake tangu wazo hadi nakala ya mwisho. Mutebi na wenzake ni warithi wa fikra hiyo.

Miaka ya ukata

Januari 1971 Idi Amin alichukua madaraka. Mwaka uliofuata aliwafukuza Waasia, na pamoja nao ukaondoka mtandao wa maduka na uagizaji uliolisha Kampala kila kitu, kuanzia sabuni hadi karatasi. Wasanii wengi walikimbia. Musoke alihamia Nairobi, akafundisha na kuchora huko, asirudi Uganda hadi miaka ya 1990.

Kipindi hicho kiliwaachia wachapaji funzo ambalo halijapitwa na wakati. Mbao zipo Uganda. Patasi hufuliwa na kunolewa hapa. Kama hakuna mashine ya kuchapia, mgongo wa kijiko hutosha. Lakini karatasi nzuri na wino wa kuchapia vilitoka ng'ambo, na bado hutoka ng'ambo kwa bei ya fedha za kigeni. Mchapaji wa Kampala anaweza kuwa na mkono hodari kama wa mchongaji wa Edo na bado akashindwa kuchapa kwa sababu ya karatasi.

Mutuba na binamu yake

Hapa ndipo Japani ina la kutufundisha. Ubora wa picha zake ulisimama juu ya karatasi iitwayo washi, itokanayo hasa na magome ya kozo, mti wa jamii ya mforosadi. Matawi hufukizwa mvuke, magome yakachunwa, yakachemshwa na maji ya majivu, yakapondwa hadi nyuzi ziachane. Nyuzi hizo huvurugwa ndani ya maji yenye ute wa mmea ulio ndugu wa bamia, ili zielee sawasawa kabla ya kutegwa kwa chekeche. Kwa kuwa ni ndefu, karatasi hustahimili kuloweshwa na kusuguliwa mara kumi na zaidi bila kuchanika.

Mganda akisikia habari ya kuchuna magome na kuyaponda, haambiwi jambo geni. Mutuba, mti unaotoa kitambaa cha lubugo, uko katika familia ileile ya mimea na kozo, pamoja na mikuyu na mitini. Mafundi wa ukoo wa Ngonge wamelitengenezea kasri la Kabaka, mfalme wa Buganda, lubugo kwa karne nyingi. Huchuna gome wakati wa mvua, hulifunga shina majani ya mgomba ili lipone, kisha huliponda gome kwa nyundo za mbao za aina tatu, kutoka yenye mifereji mipana hadi yenye mifereji myembamba. Mti haufi, na gome hurudi. UNESCO iliutangaza ufundi huo kuwa kazi bora ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2005. Ufundi wa washi uliandikwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa aina hiyo mwaka 2014.

Mutebi ameiona thamani ya mutuba. Amejiunga na wakulima wa Bukomansimbi, katika eneo la Masaka, kuhimiza upandaji wa mutuba shambani, katikati ya migomba na mibuni. Hata hivyo, lubugo lina uso wenye nyuzi na hunyumbuka, hivyo mistari myembamba hupotea. Ni kitambaa kizuri, si badala ya karatasi.

Malighafi ya karatasi yenyewe iko karibu zaidi. Mforosadi wa karatasi, binamu halisi wa kozo, uliletwa Uganda kutoka Asia kwa ajili ya majaribio ya kutengeneza karatasi. Mradi haukuzaa kiwanda, ila mti ulizaa. Sehemu za msitu wa Mabira, kwenye barabara ya Jinja, zilizofyekwa na wakulima katika miaka ya 1970 na 1980, zilivamiwa nao. Ndege na nyani hula matunda yake na kuzisambaza mbegu, na miti ya asili hukosa nafasi ya kurudi. Leo wahifadhi wanautafutia njia ya kuuangamiza.

Kwa hiyo Kampala huagiza karatasi kutoka mbali huku malighafi yake ikihesabiwa magugu umbali wa kama kilomita 50. Watu wa kuiponda wapo, kwa kuwa Buganda haijapoteza mafundi wa magome. Watengenezaji wa karatasi ya mkono wapo pia, nao hutumia migomba na mafunjo. Kinachokosekana ni yule mtu wa nne wa Edo, mchapishaji, anayewakusanya mafundi chini ya paa moja, kuwalipa na kutafuta soko.

Makerere ina shule na maabara. Mamlaka ya misitu ina miti inayotaka kuiondoa. Zikae meza moja na wachapaji, magugu ya Mabira yakatwe kwa utaratibu na magome yake yapelekwe karakanani, kabla hayajachomwa bure.