Mashina, si mizizi

Siku hizi utasikia, “Napaka rangi mizizi ya nywele.” Mimi nashikilia mashina, na nina sababu. Mzizi wa unywele umo ndani ya ngozi. Piko haiufikii, ndiyo maana mvi huchomoza tena, takriban sentimita 1 kwa mwezi. Kinachopakwa ni shina, ule ukanda mweupe unaojitokeza ukizitenganisha nywele kwa kitana. Basi ukipaka nyumbani, ishia hapo hapo. Ncha zilizokwisha kukolea, zikirudiwa kila mara, hukauka na kukatika. Tena piko nyingi zina PPD, kemikali inayoweza kumvimbisha mtu uso mzima. Ijaribu kwanza nyuma ya sikio, usubiri saa 48.