Sindano na Kitovu: Taashira ya Mighani ya Fumo Liyongo na Suala la Urithi

Miongoni mwa mighani za Waswahili, ni chache zilizohakikiwa sana kama ile ya Fumo Liyongo, na pengine ni chache vilevile zilizofupishwa mno na wahakiki wake. Katika mihadhara na vitabu vya kiada, kisa hiki aghalabu huishia katika sentensi moja: jagina asiyedhurika kwa silaha yoyote aliuawa na mwanawe wa kumzaa, kwa kuchomwa sindano ya shaba kitovuni. Baada ya hapo taashira hugawanywa kama vyeti. Liyongo ni mzalendo, Sultani wa Pate ni mtawala dhalimu, mtoto ni msaliti. Usomaji wa namna hii una mvuto wake, hasa katika nchi ambayo, tangu mfumo wa vyama vingi uruhusiwe tena mwezi Desemba 1991, mwanasiasa anayehama chama hachelewi kuitwa msaliti. Hata hivyo, unaliacha swali la msingi bila kuguswa, nalo ni kwa nini kitovu.

Habari za Liyongo zilianza kuchapishwa mapema. Edward Steere alizitia katika Swahili Tales mwaka 1870. Utendi unaosomwa zaidi hata leo ni ule ulioandikwa mwaka 1913 na Muhamadi Kijumwa wa Lamu, mnakili wa hati na mchonga mbao mashuhuri. Carl Meinhof aliuchapisha Ujerumani katika miaka ya 1920, Lyndon Harries akauingiza katika mkusanyiko wake wa mwaka 1962, naye Abdilatif Abdalla akauhariri na kuutoa Dar es Salaam mwaka 1973. Ama kuhusu wakati alioishi Liyongo mwenyewe, wataalamu wametofautiana kwa karne kadhaa, toka ya 12 hadi ya 17. Mabishano hayo ya tarehe yamekula kurasa nyingi kuliko yanavyostahili. Kaburi linaloonyeshwa Kipini, karibu na mlango wa mto Tana, haliwezi kuyamaliza, wala si lazima yamalizwe ili maana ya mighani ieleweke.

Lililo muhimu zaidi ni chanzo cha ugomvi. Baadhi ya mapokeo yaliyokusanywa mwanzoni mwa karne ya 20, yakiwamo yale aliyoyashughulikia Alice Werner, yanaeleza kwamba Liyongo na mpinzani wake, Mringwari, walikuwa watu wa ukoo mmoja, na kwamba kiti kiligombewa kwa sababu sheria mbili za urithi zilikutana. Kwa kanuni ya kale, mtawala alirithiwa na mtoto wa dada yake. Kwa kanuni mpya, iliyokuwa ikipata nguvu pamoja na Uislamu, mtoto wa kiume alimrithi baba. Liyongo, mwana wa mtawala, alisimama na kanuni moja. Mringwari alikuwa na nyingine. Iwapo mapokeo haya yatakubaliwa, basi kisa hiki si cha mtu mwema na mtu mwovu. Ni kisa cha jamii iliyokuwa haijaamua mtoto ni wa nani.

Hapo ndipo kitovu kinapopata uzito wake. Wahakiki wamezoea kukilinganisha na kisigino cha Akile wa Wagiriki, au nywele za Samsoni, kisha wakaenda zao, kana kwamba kila jagina hupewa tundu moja mwilini ili hadithi ipate mwisho. Lakini Mswahili akisema mahali fulani ndipo kilipozikwa kitovu chake, hasemi habari za mwili tu. Anataja asili yake, ardhi yake na watu wake. Tena kitovu ni kovu la mshipa uliomfunga mtoto kwa mamake. Katika mwili mzima wa Liyongo, sehemu pekee inayoweza kufa ni ile inayobeba alama ya upande wa mama. Mtu aliyedai haki yake kwa jina la baba anauawa mahali panapomkumbusha kwamba alitoka katika nyumba nyingine. Taashira hii haikuhitaji kufafanuliwa kwa hadhira yake ya awali, na huenda ndiyo sababu masimulizi hayaielezi.

Usomaji huu unasaidia pia kuyaona upya matukio ambayo kwa kawaida hutajwa kama mapambo. Liyongo akiwa kifungoni, anayemwokoa ni mama, kwa mkono wa kijakazi Saada. Walinzi walikuwa na tabia ya kuipokonya mikate mizuri na kuuacha wa wishwa. Mama akaoka mkate wa wishwa, akaificha tupa ndani yake. Mikate mizuri ikaliwa mlangoni. Ule ulioonekana duni ukamfikia mfungwa. Ngoma ya gungu ilipopigwa nje, kishindo chake kikaufunika mlio wa tupa juu ya minyororo. Masimulizi yanamsifu Liyongo kwa nguvu zake, ila hapa nguvu hizo hazikumfaa kitu. Kinyume chake, mbinu za Sultani hupitia mahusiano ya wanaume. Kikoa, desturi ya watu kulishana kwa zamu, kiligeuzwa mtego: Liyongo alitazamiwa apigwe mishale atakapopanda mkoma kuangua matunda. Akayaangusha kwa mshale akiwa chini.

Mtoto naye anastahili kusomwa kwa makini zaidi. Katika utendi wa Kijumwa, yeye ni mwana wa mwanamke wa Wagala, watu walioomba Liyongo aoe kwao ili wapate mbegu ya jagina. Yaani alizaliwa kwa ajili ya nyumba ya mama. Kwa kanuni ya kale ya Pate, hakuwa na cha kurithi kwa baba. Sultani alimwahidi cheo na binti wa kuoa, na kwa jamii iliyohesabu ukoo kwa wanawake, binti huyo ndiye aliyekuwa mlango wa utawala. Tendo la mtoto linabaki kuwa la kuchukiza, na masimulizi hayakumwacha afaidi ujira wake. Lakini halikuwa tamaa tupu ya kijana mpumbavu. Alikuwa ameelewa, pengine kuliko baba yake, haki ilipitia njia gani.

Katika Kenya ya leo swali hilo halijawa la kale. Katiba ya zamani, kupitia kifungu cha 90, ilimpa mtoto aliyezaliwa nje ya nchi uraia ikiwa baba yake alikuwa raia. Mama peke yake hakutosha. Ilichukua hadi Agosti 2010, Katiba mpya ilipoanza kutumika, ndipo ibara ya 14 ilipokubali kwamba mtoto ni raia kwa kuzaliwa ikiwa ama mama ama baba ni raia. Kwa muda wa karibu nusu karne, sheria ilikuwa imechagua upande mmoja katika ugomvi wa Liyongo na Mringwari. Katika miaka hiyohiyo wanafunzi waliisoma mighani hii wakihimizwa kutafuta ndani yake mzalendo na msaliti. Ni vigumu kupata mfano bora wa taashira iliyopofushwa na matumizi yake yenyewe.

Lwanda Magere wa Waluo, ambaye nguvu zake zilikuwa katika kivuli na siri yake ikatolewa na mke aliyetoka kwa adui, hupangwa kando ya Liyongo katika kila zoezi la sifa za majagina. Ulinganishi huo una haki yake, mradi isisahaulike kwamba kivuli hakina mama.

Baada ya kuchomwa, Liyongo alitoka na upinde wake hadi kisimani, akapiga goti, akautia mshale na kufa katika hali hiyo. Watu wa mji hawakujua kwamba amekufa. Kwa siku kadhaa hakuna aliyethubutu kwenda kuteka maji, wala Sultani hakuwa na amri iliyoweza kuwasogeza. Ndipo wakamwendea mama yake, wakamsihi aende akazungumze naye.