Siri ya Mtungi

Ndugu msikilizaji, mtaani kwetu palikuwa na mzee mmoja, bingwa wa bao. Mgeni akija na sifa zake, mzee yule hakukimbilia kucheza naye. Alikaa kwenye kigoda pembeni siku mbili tatu, akimtazama mgeni akicheza na wengine. Hakusema neno. Siku ya nne alisogeza kigoda chake, na mara nyingi mgeni alifungwa. Sisi watoto tulidhani ni uchawi. Nilipokua ndipo nilipotambua kwamba zile siku za ukimya mzee alikuwa kazini.

Nimemkumbuka mzee huyo kwa sababu leo nataka tuzungumze juu ya mchezo wa mapigano mchanganyiko, ule unaoruhusu ngumi, mateke, mieleka na kabali katika pambano moja. Wako wanaouona kuwa ni fujo tupu. Mimi nasema historia yake ina somo.

Tarehe 12 Novemba 1993, mjini Denver, Marekani, wanaume wanane waliingia katika mashindano ya usiku mmoja, kwenye ulingo wa pembe nane uliozungushiwa wavu. Mshindi aliahidiwa dola 50,000. Hapakuwa na madaraja ya uzito. Alikuwapo bondia, alikuwapo mtu wa karate, alikuwapo hata mcheza sumo. Miongoni mwao alikuwapo Mbrazili mwembamba wa kilo 80 hivi, Royce Gracie, aliyevaa vazi jeupe kama la judo.

Mpinzani wake wa kwanza alikuwa bondia Art Jimmerson. Bondia huyu aliingia ulingoni amevaa glavu mkono mmoja tu. Hebu fikiri, msikilizaji: mtu anakwenda vitani, naye hajui hata avae nini, kwa kuwa hajui anakwenda kupigana na nini. Gracie alimwangusha, akamkalia juu, na bondia akasalimu amri. Akafuata Ken Shamrock, mtu wa misuli. Alikabwa, akasalimu amri kabla dakika moja haijatimia. Katika fainali Gerard Gordeau naye alipigwa kabali. Watu watatu, usiku mmoja.

Je, Gracie alikuwa na siri? Hapana. Mjapani Mitsuyo Maeda alifika Brazil mwaka 1914, na baadaye akamfundisha Carlos Gracie ufundi wake. Ukoo ule uliuendeleza kwa miaka mingi, ukishindana na kila aliyetaka. Rorion, kaka yake Royce, alikuwa akifundisha Marekani na kuuza mikanda ya video inayoonyesha mapambano yao. Siri ilikuwa inauzwa hadharani! Ila wengi hawakuona haja ya kuitazama. Kila mmoja aliamini kwamba ufundi wake unatosha, na kwamba mambo ya mwenzake hayamhusu.

Wahenga walisema, aijuaye siri ya mtungi ni kata. Kata huijua kwa sababu imeingia ndani. Shamrock alikuwa ameingia ndani ya mtungi ule, akatoka amekabwa. Hakusahau. Walipokutana tena Aprili 1995, alikuwa mtu mwingine. Gracie alilala chali akimzungushia miguu, kama kawaida yake, akingoja mpinzani akosee. Shamrock hakukosea. Alibaki juu, mikono ameibana, shingo ameificha. Pambano lilikwenda dakika 36. Hapakuwa na majaji wa kuhesabu pointi, hivyo likatangazwa sare. Hakushinda, lakini yule aliyemaliza kazi kwa chini ya dakika moja, safari hii hakuimaliza kabisa.

Aliyeimaliza hesabu ni Mjapani Kazushi Sakuraba, mwanamieleka. Novemba 1999 alikuwa amemshinda Royler, ndugu yake Royce. Tarehe 1 Mei 2000, mjini Tokyo, akakutana na Royce mwenyewe. Upande wa Gracie ulidai sharti: raundi za dakika 15 zisizo na kikomo, wala mwamuzi asisimamishe pambano. Walikuwa na uzoefu wa mapambano marefu, wakaamini muda ni rafiki yao.

Lakini Sakuraba alikuwa ameliona jambo moja. Lile vazi jeupe, ambalo Gracie alilitumia kama silaha, lilikuwa na mshiko kwa adui pia. Gracie akilala chali, Sakuraba alimshika vazi, akamburuta na kumpiga. Gracie akisimama, alimpiga mateke ya miguu. Baada ya raundi sita, yaani dakika 90, miguu ya Royce ilikuwa imekwisha. Ndugu zake wakarusha taulo.

Kutoka Denver hadi Tokyo ni miaka sita na ushei tu. Gracie hakuwa amesahau ufundi wake. Kilichobadilika ni kwamba watu walikuwa wameanza kumtazama. Leo mpiganaji wa mchezo huo asiyejifunza kujinasua chini haendi mbali, na makocha hukaa na kanda za mpinzani kabla ya kupanga mazoezi.

Ndugu msikilizaji, ni mara ngapi tunaingia kwenye biashara, kwenye mtihani, hata kwenye uchaguzi, tumevaa glavu moja? Tukishindwa tunasema tumerogwa. Kumbe mwenzetu alikaa kwenye kigoda akatutazama, nasi tulikuwa tukishangilia nguvu zetu. Na wewe unayeshinda leo usilale. Yupo mtu kimya pembeni anayeihesabu mikono yako. Mjinga akierevuka, mwerevu yu mashakani.

Kwaheri, hadi juma lijalo.